Ufa Waliouona Wakubwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ukaguzi wa ndege alikuja kunitembelea hapa Mutuini. Akaketi kwenye kochi langu, akafungua kishikwambi chake na kunionyesha jinsi wanavyofanya kazi siku hizi. Mashine inapita juu ya bawa, inapiga picha, halafu inatoa jibu yenyewe: kijani, ndege iende, nyekundu, ndege isimame. Nikamwuliza, "Na siku mkubwa akisimama nyuma yako, aone kijani mahali wewe unaona nyekundu?" Akacheka, akasema, "Shosho, siku hizi mambo hayako hivyo." Nilimsindikiza mpaka getini kwa adabu zote, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika kabisa. Ndiyo maana naandika. Nyinyi mnaosomea ukaguzi, na nyinyi mlioanza kazi juzi, nisomeni mpaka mwisho ndipo mnicheke.

Kwanza, mimi si shosho. Mimi ni Mkamba, na kwetu nyanya ni susu. Lakini nimekaa Dagoretti miaka mingi mno na nimechoka kuwasahihisha watu, kwa hivyo niiteni mtakavyo. Kazini waliniita Dada Ndinda.

Karakana yetu ilikuwa bohari la mabati kando ya Barabara ya Ngong, hatua chache tu kutoka Dagoretti Corner. Mlangoni palikuwa na kibao cha serikali chenye jina refu kuhusu utafiti wa uimara wa ndege. Lilikuwa refu hata fundi wa rangi akaishiwa na nafasi, herufi za mwisho zikabanana pale pembeni kama watu kwenye foleni ya unga. Wapita njia walidhani tunatengeneza ndege. Wapi! Hatukuwahi kutengeneza hata tairi. Kazi yetu ilikuwa kuzivunja, polepole, tujue zinaanzia kuvunjika wapi.

Bawa la ndege iliyostaafu tulilifunga ukutani kwa bolti, juu chini, chini juu. Halafu tunalipakia magunia ya mchanga, gunia baada ya gunia, nalo linapinda, linalia, linapinda tena. Ukiwa mgeni unakimbia. Ukiwa mwenyeji unanyamaza na kusikiliza, maana chuma husema kabla hakijakatika. Siku bawa likikatika, kishindo kilifika mpaka kwa wauza viatu pale Corner, na kuna mama mmoja wa mboga aliyekuwa akija kila mara kuuliza kama kuna aliyekufa. Alikuwa akisikitika kidogo akiambiwa hapana.

Mkubwa wetu alikuwa Mhandisi Kimeu, mtu mpole, mwembamba, aliyesomea ng'ambo na kurudi bila maringo. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye taipu. Mimi niliajiriwa makao makuu mjini, katika chumba kilichojaa wasichana na kelele za mashine za kupigia chapa. Siku moja alikuja kuchukua ripoti yake, akakuta nimeandika pembeni kwa penseli kwamba picha ya tatu na maelezo yake haviendani. Msimamizi wangu akataka kunifukuza. Kimeu akaomba apewe mimi. Akanipeleka karakana, akanisomesha usiku na mchana, akanipeleka kwenye kozi, na kila mtihani nikapita.

Somo lake la kwanza lilikuwa sarafu. Alinipa shilingi moja akaniambia nigonge nayo bawa zima, kutoka shina mpaka ncha. Palipo pazima panalia ting. Palipoachana ndani panalia tup, kama boga lililoanza kuoza. Nilijifunza mpaka nikawa mgonjwa wa kugonga. Nilikuwa nikienda sokoni kununua sufuria nagonga zote mpaka muuzaji ananiuliza kama nanunua au nacheza ngoma. Nilipopelekwa kwa kina mume wangu kutambulishwa, nilijikuta nagonga mguu wa meza yao. Baba mkwe akauliza kama kwetu ndivyo tunavyosalimia. Mpaka leo shemeji zangu wakinikaribisha wanagonga meza kwanza.

Kisha kukawa na dawa nyekundu. Hii mnaijua, ingawa nyinyi mnavaa glavu. Unasafisha chuma, unapaka dawa, unangoja iingie ndani ya nyufa, unapangusa, halafu unapulizia unga mweupe. Kama kuna ufa, dawa inarudi juu ya ule unga, mstari mwembamba mwekundu, na hapo hakuna ubishi. Shida ni kwamba dawa yenyewe haichagui. Ilikaa viganjani mwangu wiki nzima. Nilimpa pasta mkono mlangoni mwa kanisa, naye akaenda kubariki watoto kwa mkono uleule, na kina mama wakatoka kanisani wakisugua vipaji vya nyuso za watoto wao kwa mate. Jumapili iliyofuata pasta alinipungia tu kwa mbali.

Aliyefurahia viganja vyangu ni Mzee Athman peke yake. Huyu alikuwa mtunza stoo wetu, mtu wa Lamu, msafi kupita kiasi, kofia yake nyeupe hata ukiitafuta doa kwa lenzi hupati. Alikuwa ameletwa kwetu karibuni kutoka bohari la ujenzi. Siku ya kwanza aliponiona alisema, "Mashallah, mwanangu, umetiwa hina, na sisi hatukualikwa?" Nikamweleza ni dawa ya kutafuta nyufa. Akatikisa kichwa. Alinipenda kama binti yake, na alikuwa na hakika kabisa kwamba kazi yenyewe si ya akili nzuri. Kutafuta nyufa asubuhi mpaka jioni, na ukizipata hata huzibi!

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Mkaguzi wa ndege wakati ule alikuwa na muhuri wake, kidude kidogo cha chuma chenye namba. Ukikagua kitu unagonga muhuri kwenye lebo, na lebo ile ndiyo neno la serikali. Bila muhuri unaweza kuitazama ndege mpaka macho yatoke, maneno yako ni ya mpita njia. Mimi mitihani nilikuwa nimemaliza yote. Nilibakiza sahihi ya mkubwa mmoja wa makao makuu, tuliyekuwa tukimwita Bwana Naibu. Bwana Naibu hakuamini kwamba naiweza kazi. Hakusema ni kwa sababu mimi ni mwanamke. Alisema tu kwamba taipu pia ni kazi ya heshima. Kimeu alipomsukuma sana akasema sawa, atakuja mwenyewe karakana aone huyo msichana akiifanya kazi. Akiridhika atatia sahihi. Asiporidhika, narudi mjini kwenye kile chumba cha kelele, na mambo yaishie hapo.

Niliogopa, nisiwafiche. Nilikuwa nimeonja kazi ninayoipenda, na mtu mmoja mwenye tai alikuwa na uwezo wa kuninyang'anya kwa kusema tu hapana.

Kimeu akaamua kwamba nitaonyesha kwa ile mashine mpya ya sauti. Msifikirie hivi vidude vyenu vya mfukoni. Ile ilikuwa sanduku zito la kubebwa na watu wawili, lenye kioo kidogo cha mviringo, na ndani ya kioo mstari wa kijani. Unapaka grisi kwenye chuma, unaweka kichwa cha mashine hapo juu, sauti ambayo sikio haliisikii inaingia ndani na kurudi. Chuma kikiwa kizima, mstari unainuka kilima kimoja mwishoni, pale sauti ilipogonga upande wa pili wa chuma na kurudi. Kukiwa na ufa, kilima kingine kinaota katikati. Kazi yako ni kusema kama kilima cha katikati kipo au hakipo. Ni hivyo tu, na ni ngumu kuliko mnavyodhani.

Mashine kama hiyo huwezi kuiamini mpaka uipime kwanza kwa kitu unachokijua. Sisi tulikuwa na mguu wa ndege ndogo, ule wa chuma unaoshika gurudumu, wenye ufa ndani yake. Kimeu alihangaika sana kuupata, maana ufa wa asili, mwembamba, mahali panapojulikana, hauuzwi dukani. Tuliuita Mgonjwa. Kila asubuhi kabla ya kazi tulianza kwa kumjulia hali. Naweka mashine, Kimeu anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nami najibu, "Bado anaumwa." Basi siku inaanza vizuri. Kitu cha thamani kuliko vyote katika lile bohari kilikuwa kipande cha chuma kibovu.

Mzee Athman alikuwa akisikia haya kila siku akiwa mlangoni mwa stoo.

Siku ya Bwana Naibu ilipofika, Jumatatu, nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Nikaenda stoo nikaomba Mgonjwa nimpime kabla wageni hawajafika. Mzee Athman akasimama katikati ya mlango. "Subira, mwanangu. Leo nitamleta mimi, kwa heshima zake." Nikamwambia nahitaji kupima sasa hivi. Akasema gari la wageni limeshaingia getini. Nikageuka, na kweli, limeingia.

Hapo mkome. Hapo ndipo nilipopaswa kumsukuma mzee wa watu kando na kuingia. Usianze kazi bila kupima chombo, hata kama Rais ameshika kikombe cha chai anakungoja.

Bwana Naibu alikuwa mtu mnene, mwenye miwani mizito na sauti ya redio. Alikuja na makarani wawili wembamba waliokuwa wakicheka anapocheka. Akaonyeshwa bawa, akaonyeshwa magunia, akasema "naam, naam" mahali pote, kisha akaletewa kiti mbele ya mashine yangu. Nikaanza kueleza. Nikamwambia habari ya sauti, habari ya vilima, nikamwambia kwamba mguu utakaoletwa sasa una ufa ndani, na kwamba ataona kwa macho yake kilima cha katikati kikiinuka.

Mzee Athman akaingia. Amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na siku ile haikuwa Ijumaa. Amebeba sinia, na juu ya sinia kitambaa cha kufuma cha mke wake, na chini ya kitambaa Mgonjwa. Alipokifunua nilikaribia kupiga kelele. Mguu ulikuwa umepakwa rangi ya fedha, unang'aa kama kikombe cha mashindano ya mpira. Kimeu akaniangalia. Nikajiambia, sawa, rangi ni rangi tu, sauti inapita. Nikapaka grisi mahali pa ufa, chini kidogo ya tundu la bolti, mahali ninapopajua kama ninavyojua mlango wa kwetu. Nikaweka kichwa cha mashine.

Kilima kimoja. Mwishoni. Katikati pakavu.

Nikasogeza kidogo. Kilima kimoja. Nikaongeza grisi, nikageuza upande, nikapunguza, nikaongeza, jasho likaanza kunitoka mgongoni. Mashine imekufa, nikajisemea, au mimi nimekufa.

Ndipo Bwana Naibu akainama mbele, miwani ikagusa kioo, akasema kwa ile sauti ya redio, "Naam! Huo hapo! Nauona!"

Karani wa kwanza akainama. "Ni kweli, Bwana. Uko wazi kabisa."

Karani wa pili hakutaka kuachwa nyuma. "Hata mimi nauona. Tena unaonekana ni mkubwa kuliko nilivyofikiria."

Bwana Naibu akaegemea kiti, akatabasamu, akachukua kalamu kutoka mfuko wa koti. Jamani, ile kalamu. Kalamu niliyoingoja mwaka mzima ilikuwa imeshafunguliwa. Nilichotakiwa ni kunyamaza. Si kusema uongo hata kidogo, ni kunyamaza tu, watu waone walichoona, tunywe chai, kesho nianze kazi na muhuri mfukoni. Nilimwangalia Kimeu anisaidie. Alikuwa akitazama kioo, uso umemshuka. Nikafikiria chumba cha taipu. Nikafikiria pia kwamba mtu nitakayemwekea muhuri kesho kutwa atapanda ndege akiamini nilichoona.

Nikasema, "Bwana, mimi siuoni."

"Huuoni nini?"

"Ufa. Katikati hapana kitu. Ama mashine yangu imeharibika, ama ufa umeondoka. Lakini mimi siuoni."

Kalamu ikasimama hewani. Kimeu akakohoa, akasogea akasimama kando yangu, akasema taratibu, "Hata mimi siuoni, Bwana."

Na hapo, kutoka kule nyuma karibu na magunia, Mzee Athman akasema kwa furaha isiyo na kifani, "Hamwezi kuuona! Haupo! Mgonjwa amepona, alhamdulillahi!"

Sote tukageuka. Akaja mbele akielezea kwa mikono miwili. Kumbe Ijumaa jioni, alipojua mkubwa anakuja, hakulala. Kwao Lamu mgeni akija, kikombe chenye ufa hakitoki kabatini. Ukuta unapakwa chokaa, mkeka uliotoboka unafichwa, sembuse mkubwa wa serikali! Na sisi tunataka kumtengea chuma kilichopasuka, tena mbele ya macho yake, tena mikononi mwa huyu binti ambaye kazi yake iko hatarini! Akasema haiwezekani, si yeye akiwa hai. Basi Jumamosi akamfunga Mgonjwa katika kanga akampeleka kwa Fundi Njoroge pale Corner, mtu wa kuchomelea mageti. Njoroge akapachimba pale tulipokuwa tumetia alama ya ufa, akapachomelea, akapasugua mpaka pakawa laini. Halafu Mzee akakopa rangi hapo hapo, akaipaka kwa mkono wake mwenyewe. "Nilitaka ufuzu, mwanangu," akaniambia. "Nilitaka asione ila yoyote."

Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na sikuthubutu lolote kati ya hayo mawili. Mashine ilikuwa nzima. Mashine ilikuwa nzima kabisa! Ilikuwa imesema kweli mbele ya kila mtu.

Lakini Bwana Naibu hakuwa akicheka. Makarani walikuwa wakiangalia viatu vyao. Akasema polepole, "Kwa hivyo mimi niliona nini?"

Mtu mwenye busara angeuma ulimi. Mimi nikasema, "Uliona upande wa pili wa chuma, Bwana. Huwa unaonekana kila mara."

Akafunga kalamu. Akasimama. Akashukuru kwa mapokezi mazuri na akaenda zake bila kunywa chai, na sambusa za mke wa Mzee Athman zikabaki mezani zikitutazama.

Mzee alipoelewa alichofanya alikaa kwenye gunia la mchanga, kofia mkononi, mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimepanga kumgombeza, na ulimi wangu mnaujua. Nilishindwa. Nikaketi kando yake nikala sambusa. "Nimekuharibia, mwanangu," akasema. Nikamwambia aliyejiharibia ni mimi, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza nikaikataa. Akafikiri, akasema, "Basi ulifanya vyema." Halafu akafikiri tena. "Lakini lile la upande wa pili wa chuma ungeliacha." Alisema kweli.

Kimeu naye alichukua Mgonjwa akaenda kwa Fundi Njoroge, nikafuata nyuma. Njoroge akapangusa mikono, akajaa fahari. "Hiyo kitu nilishika vizuri sana, Injinia. Hata mupige na nyundo, haiwezi kuachana." Kimeu akamwambia kwa uaminifu kabisa kwamba ni kazi safi kuliko yoyote aliyoiona Nairobi, na kwamba mguu ule usirudi kamwe kwenye ndege. Chuma cha ndege kimepikwa kiwandani kwa kipimo chake, ukikipiga moto wa geti unakilegeza, kinakuwa kizima kwa macho na kibovu kwa nguvu. Njoroge akasikiliza kwa makini, kisha akauliza ni nani atamlipa kwa ile rangi. Tukamwelekeza kwa Mzee Athman.

Sahihi haikuja. Wiki zikapita. Kimeu alipata ufa mwingine kwenye marundo ya vyuma vikuukuu, tukampa jina la Mgonjwa wa Pili, na Mzee Athman akaapishwa kwa Msahafu kwamba hatamgusa. Mimi nikaanza kupiga chapa hewani kwa vidole nikiwa kitandani, nikijizoesha. Mume wangu aliniambia nikiendelea hivyo atahamia chumba kingine. Nilikuwa na huzuni na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani.

Ndipo asubuhi moja gari la makao makuu likaja kwa kasi mpaka mlangoni. Dereva akashuka. "Nimetumwa kwa yule msichana asiyeona," akasema. "Beba mashine, twende uwanja wa ndege."

Nilifika katika ule uwanja mdogo mashine ikiwa kiti cha nyuma na Mgonjwa wa Pili kwenye kiondo mapajani. Kimeu alikuwa mbele na dereva. Bwana Naibu alikuwa amesimama chini ya bawa la ndege ndogo, suti ya kaki, kofia ya jua. Alikuwa anakwenda kaskazini kufungua jengo fulani, na alikuwa amemchukua mkewe na mtoto wao wa mwisho wakaone ngamia. Mke alikuwa chini ya mwavuli. Mtoto alikuwa akizunguka gurudumu akifanya mikono mabawa.

"Wamesema ndege hii imekaguliwa," akaniambia bila kunisalimia. "Nimewauliza waliona nini. Wote wananiambia nilichotaka kusikia. Nikakumbuka kuna mtu mmoja katika ofisi yangu asiyeweza kufanya hivyo hata kwa faida yake mwenyewe. Kagua."

Nikamwambia, "Siwezi, Bwana. Sina muhuri."

Akaniangalia. Kimeu akatoa bahasha mkobani. Alikuwa akiibeba kila siku, karatasi ya kutiwa sahihi ikiwa ndani na muhuri wangu ukiwa ndani. Bwana Naibu akaiweka karatasi juu ya ndege, akaazima kalamu ya rubani, akatia sahihi huku akinung'unika. Kimeu akaniwekea muhuri kiganjani. Sina la kuongeza hapo.

Nikapima mashine kwa Mgonjwa wa Pili mbele ya wote: kilima cha katikati kipo. Nikaenda kwenye mguu wa kulia wa ndege: kilima kimoja, safi. Nikaenda wa kushoto. Nikapaka grisi. Nikaweka.

Vilima viwili.

Nikafuta, nikaanza upya. Viwili. Nikamwita Kimeu, akatazama, akaitikia kwa kichwa. Bwana Naibu akaja, akainama, miwani ikagusa kioo. Alitazama kwa muda mrefu. Kule mtoto anauliza tunaenda lini. Kule kaskazini watu wanangoja na utepe.

"Mimi sioni kitu," akasema.

"Mimi naona, Bwana."

Nikatoa dawa nyekundu. Nikasafisha, nikapaka, tukangoja, mke akahamisha mwavuli mkono mmoja hadi mwingine akinitazama kama mimi ndiye niliyeliweka jua pale juu. Nikapangusa, nikapulizia unga. Mstari mwekundu ukatoka polepole, mwembamba, ukazunguka nusu ya mguu. Safari hii hata dereva aliuona.

Nikaandika lebo ya kusimamisha ndege, nikagonga muhuri wangu kwa mara ya kwanza. Bwana Naibu akasoma lebo, akaisoma tena. "Sahihi yangu haijakauka," akasema, "na tayari umenishusha kwenye ndege." Akaingia garini na familia yake, dereva akielekea kaskazini kwa barabara ya vumbi siku nzima na zaidi. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti mpaka tulipoacha kumsikia.

Mguu ulipofunguliwa tuliupeleka karakana. Kimeu akaubana kwenye kibano cha meza, akaupiga nyundo mara moja, wala si kwa nguvu. Ukakatika vipande viwili. Kimeu akaweka nyundo chini akatoka nje kidogo.

Bwana Naibu aliporudi kutoka safari hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja Barabara ya Ngong, vumbi mpaka kwenye kope, mgongo umepinda, na nilijua amekuja kunifokea kwa sababu alianza kutoka getini. Alisema habari ya tairi, na mito iliyofurika, na wageni waliokata utepe bila yeye. Kimeu alichukua vile vipande viwili akamwekea mikononi.

Bwana Naibu akaviunganisha, akaviachanisha. Alipitisha kidole pale chuma kilipokuwa cheusi, mahali ufa ulipokuwa mzee, na pale kilipokuwa kinang'aa, mahali padogo palipokuwa bado pamebeba ndege nzima. Kisha akaketi kwenye gunia la mchanga na suti yake yote.

"Yule mtoto alitaka kukaa upande ule," akasema. "Tulibishana naye pale uwanjani. Nilikuwa nimemkubalia."

Aliketi hapo muda mrefu, vipande mapajani, na machozi yalipomtoka yalipita katika vumbi na hakuyapangusa. Mzee Athman alimletea maji ya kunawa na taulo safi, akayaweka karibu na miguu yake, akarudi stoo kimyakimya. Mwishowe Bwana Naibu akaniinulia uso, akaona nimesimama tu hapo namtazama.

"Rudi kazini, mkaguzi," akasema. Nikarudi kazini.